Mwendo wa Hadija Kwenye Kopo

Harufu ilinipata kabla sijaona chochote. Nilikuwa Tanga, nimekaa kwenye benchi la kliniki nikimsubiri dada yangu, na nyuma ya pazia mtaalamu wa viungo alikuwa akimbandua plasta kwenye kifundo cha mguu. Plasta ile ya kahawia, inayong'oka na vinyweleo. Iliachia kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, halafu ikaja harufu ya gundi, spiriti na ngozi iliyofunikwa muda mrefu. Nimeishi miji mingi, nimehama vyumba vingi, na vitu vichache sana bado vinanishtua. Harufu ile ilinishtua. Mara moja nikawa mtoto, nimevaa koti zito lililokuwa la mtoto mwingine, na mbele yangu kuna giza, na ndani ya giza hilo dada yangu anakuja bila mwili.

Ninyi mliozaliwa nyakati zangu kila mmoja ana giza lake la utotoni. Langu lilikuwa Stockholm.

Baba alikuwa amepelekwa huko kusomea ufundi wa malori. Kila asubuhi alipanda treni kwenda Södertälje na kila jioni alirudi na kucha nyeusi. Tulikaa Rinkeby, kwenye majengo mapya yaliyofanana mno, hadi mama alifunga utepe mwekundu kwenye kitasa cha mlango wetu ili tusiingie kwa watu. Wakati wa baridi jua liliondoka kabla hatujatoka shule. Mama hakulizoea jambo hilo. Alisimama dirishani na kusema, "Nchi gani hii, hata alasiri inaibiwa."

Dada yangu Hadija alitembea kwa ncha za vidole. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na tangu hapo misuli ya miguu yake ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Leo najua kuwa ule ni mtindio wa ubongo. Wakati ule nilijua tu kwamba visigino vyake havikuwahi kugusa sakafu, kwamba magoti yake yalisuguana, na kwamba mkono wake wa kulia haukuning'inia kama mikono ya watu wengine bali ulikaa juu, karibu na kifua, ukidundadunda kila alipopiga hatua. Na hakuwa na kishindo. Uligeuka ukamkuta yupo nyuma yako, anasikiliza.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokitamani kuliko vyote. Wasichana wa shuleni kwetu walivaa viatu vya mbao vilivyo wazi nyuma, vyenye mlio mkubwa ngazini. Kwetu Tanga tulikuwa na ndugu zake, mitalawanda ya bafuni kwa bibi. Hadija alivijaribu vya jirani, vikamtoka. Kiatu cha aina ile kinashikwa na kisigino kinachokikanyaga, na visigino vyake vilikuwa hewani.

"Siku nikivaa mitalawanda," aliniambia, "mtanisikia nikija. Mtapata muda wa kuficha mambo yenu."

Madaktari walisema kano za visigino vyake zinaweza kukatwa na kurefushwa. Lakini si kwa kila mtoto. Wengine hushusha visigino wakatembea, wengine miguu hulegea wakakaa chini moja kwa moja. Ili kujua Hadija yuko upande gani, ilibidi kwanza waupime mwendo wake, kiungo kwa kiungo. Na muda haukuwa mwingi, kwa sababu masomo ya baba yalikuwa yanaisha majira ya kuchipua majani, na baada ya hapo tunarudi nyumbani.

"Huku ndiko wanakojua kazi hii," baba alisema jikoni. "Tukirudi hivi hivi, basi tena."

"Na wakimkata akapoteza hata hiki kidogo anachokiweza?" mama aliuliza.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na swali lile nililibeba mwenyewe, nikaenda nalo kulala.

Siku ya kupimwa tulikwenda wote wanne. Tulipita chini ya ardhi, kwenye njia ndefu zilizounganisha jengo moja la hospitali na lingine, zenye mabomba darini yaliyonong'ona. Hapo ndipo nilipomwona mwanamke mwenye gauni jeupe akija kwetu kwa kasi, amenyooka wima, miguu yake haisogei. Alitupita akatabasamu. Nilimshika mama kanga aliyokuwa ameifunga juu ya koti. Kumbe walikuwa na baiskeli ndogo za kusimama, unasukuma kwa mguu mmoja mara moja kisha unateleza njia nzima. Nililiona gurudumu alipokuwa ameshapita. Lakini nilikuwa nimeshaamini kwamba mahali hapa watu wanaweza kwenda bila kutembea, na kujua habari ya gurudumu hakukuniondolea imani hiyo.

Maabara ya mwendo ilikuwa chumba kirefu kilichopakwa rangi nyeusi, kuta na dari. Sakafuni palitandikwa mpira mweusi, njia nyembamba toka mwisho mmoja hadi mwingine. Mtafiti alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu nyekundu na viatu vya mbao miguuni. Mama alimtazama miguu, akasahau hofu yake.

"Jamani, daktari mzima kavaa mitalawanda! Anatoka kuoga?"

Hadija alicheka hadi akashika ukuta. Tangu hapo kwetu hakuwa na jina jingine ila Bwana Mitalawanda.

Walimlaza Hadija kwenye mkeka. Walimvisha nguo nyeusi ya kubana, kisha msaidizi, msichana mwenye mikono baridi, akambandika vitaa vidogo kwa plasta ya kahawia: begani, kwenye kiwiko, kwenye kiganja, nyongani, gotini, kwenye kifundo. Nyaya zilikusanywa kwenye mkanda kiunoni.

"Hiyo nguo nyeusi ya nini?" Hadija alimwuliza baba kwa Kiswahili. "Waambie sisi tumezaliwa nayo tayari."

Baba alicheka peke yake na hakuwatafsiria.

Ndipo Bwana Mitalawanda alipotaka waya uliokuwa upande wa pili. Hakuzunguka. Aliinua mguu mmoja mrefu, halafu wa pili, akairuka miguu ya Hadija.

"Ala!" Mama alisimama. "Kamruka mwanangu!"

Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mtu aliyelala harukwi miguu. Ukimruka, unambania hapo alipo, hakui tena, mpaka umruke kwa kurudi.

"Mama Hadija," baba alisema kwa sauti ya chini, "hawa ni watu wa sayansi."

"Sayansi gani ya kuruka watoto wa watu? Mwambie arudi alikopita."

Baba alitafsiri akiwa amekodolea macho sakafu. Msaidizi aliziba mdomo. Lakini Bwana Mitalawanda hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama miguu ya Hadija, kisha akauliza swali, na baba akageuka kwa mama akiwa hajui acheke au alie.

"Anauliza aanze na mguu gani."

Mama hakuwa amelitegemea hilo. Hakuna aliyewahi kumwuliza. "Wowote," alisema hatimaye. "Mradi arudi."

Mtu yule mrefu akarudi, polepole sana, akiwa makini kama anayevuka mtaro. Ko. Ko. Mama akakaa. "Haya. Endeleeni na mambo yenu."

Kisha wakamsimamisha Hadija mwanzoni mwa ile njia ya mpira, wakazima taa.

Sijaona tena giza kama lile, na nimelala porini na baharini. Halikuwa na kona. Mbali kidogo, juu ya pale nilipodhani ni sakafu, palikuwa na vitone vya mwanga vimetawanyika ovyo, kama cheche zilizosahau kuzimika. Nilimtafuta dada yangu ndani ya vile vitone nikamkosa. Havikuwa na umbo. Havikuwa mtu wala mnyama. Nikasikia viatu vya mbao vikienda mahali fulani, ko, ko, bila mwenyewe. Sauti ya Bwana Mitalawanda ikasema neno moja la Kiswidi: tembea.

Vitone vikasogea, na mara ile ile alikuwa Hadija.

Sijui niseme vipi. Hakuna kilichoongezeka. Hakukuwa na uso, nguo, wala ngozi. Lakini magoti yalisuguana, kifundo kikaja juu juu, na kile kitaa cha kiganja kikakaa karibu na kifua kikidundadunda, na ningemtambua kati ya watu wote wa dunia. Mama alisema, "Ndiye," kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Alikuwa anakuja kwetu, hana mwili, hana kishindo, na kamera yao ya filamu ilikuwa inanguruma kwa chini. Alipofika mwisho wa njia alisimama.

Na aliposimama, akapotea. Vikabaki vitone ovyo.

"Hadija!" nilipiga kelele.

"Nini?" sauti yake ilijibu kutoka pasipo na mtu.

Jioni ile, mama alipokuwa akimsugua mabaki ya gundi kwa mafuta ya nazi, Hadija aliniambia lililonitesa majira yote ya baridi. Alikuwa mtundu, na alijua ninaamini kila kitu.

"Umeliona lile kopo la bati alilolishika Bwana Mitalawanda mwishoni? Ndimo alimoutia."

"Nini?"

"Mwendo wangu. Wamenivua. Kwanza wanawasha taa kwenye viungo ili uonekane ulipo, kisha wanauvuta wote kwa kamera, wanautia koponi."

"Lakini ulitembea kuja nyumbani."

"Mabaki hayo," alisema Hadija. "Yataisha."

Mama alimpiga kofi dogo la bega. "Mwache mwenzio. Atashindwa kulala."

Barua ya hospitali ilipokuja, baba aliisoma amesimama. Walikuwa wameupima mwendo wote, wakaona kwamba kano zinaweza kurefushwa. Mama alikwenda kuswali. Hadija alikatwa mwezi huo, na alirudi akiwa na miguu miwili iliyofungwa bandeji ngumu nyeupe hadi gotini, ambayo aliiita mihogo. Alilala kwenye kochi. Alibebwa kwenda chooni. Hakutembea hatua hata moja.

Mnaelewa nilichokiona mimi. Mabaki yalikuwa yameisha.

Tulipomrudisha Hadija hospitali kuangaliwa, baba alimwegesha Hadija kwenye kiti cha magurudumu katika korido akaingia na mama kuongea na daktari. Hadija alisinzia. Upande wa pili wa korido niliuona mlango ninaoujua, uko wazi kidogo, na kutoka ndani ulikuja mngurumo ule wa chini. Nilichungulia.

Dada yangu alikuwa anatembea ukutani.

Niligeuka. Hadija alikuwa pale kwenye kiti, kichwa kimeanguka begani, mihogo yake imenyooka mbele. Nikageuka tena. Hadija alikuwa anatembea ukutani, magoti yanasuguana, kitaa cha kiganja kinadunda karibu na kifua. Alifika ukingoni akapotea, kisha akaanza tena mwanzoni. Alikuwa anatembea hivyo tangu lini? Alikuwa hachoki? Niliingia hadi karibu na ukuta nikamnong'oneza, "Dada. Twende nyumbani." Hakusikia. Alipita juu ya uso wangu mwenyewe, vile vitone vilipita kwenye paji langu na mikono yangu, na sikuhisi kitu.

Ko, ko. Bwana Mitalawanda alikuwa amesimama nyuma ya mashine ya kuonyeshea filamu. Nadhani alikuwapo muda wote. Kiswidi changu wakati ule kilikuwa kimeshakuwa kizuri kuliko cha baba.

"Mrudishe," nilimwambia.

"Nani?"

"Dada. Ulimruka ukarudi. Na huku pia urudi."

Watu wazima wengi wangenipeleka kwa mama. Yeye aliinama, akanitazama, akatazama ukuta, na nikaona amekumbuka. Hakutabasamu. Alishika kitufe kwenye mashine na kukigeuza upande wa pili.

Hadija alisimama hewani. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume.

Nimejaribu miaka mingi kusahau jinsi ilivyokuwa. Vitone vilikuwa vile vile. Lakini aliyekuwa anatembea hakuwa dada yangu tena. Kifundo kiliondoka pale kilipotakiwa kufika. Mkono ulidunda kabla ya mguu, kana kwamba ulijua kitakachotokea. Kilikuwa kitu kilichomsikia Hadija akisimuliwa na sasa kinajaribu kumwiga. Kilirudi nyuma, nyuma, hadi mwanzo wa njia, kikasimama, na kikatawanyika.

"Haya," alisema Bwana Mitalawanda kwa upole. "Nimemrudisha mpaka alikoanzia."

Sikumshukuru. Nilikimbia koridoni nikakuta Hadija ameamka, anauliza nilikuwa wapi. Nilimtazama machoni nikajiuliza ni kitu gani kilikuwa kimerudishwa ndani yake.

Mihogo ilikatwa theluji ilipokuwa inayeyuka. Yalifuata mazoezi, kila siku, baba akishika mikono, Hadija akimtukana kwa Kiswidi ili mama asielewe. Mimi nilipelekwa kwa jirani wakati wa mazoezi kwa sababu nililia kuliko mgonjwa. Kwa hiyo sikuona hatua ya kwanza. Wala sikujua kwamba baba alikuwa amenunua kitu madukani mjini.

Alasiri moja nilikuwa nyumbani na mama, tunachambua mchele. Ngazini ikasikika: ko. Kimya. Ko. Kimya. Ko.

"Nani huyo?" mama alisema.

Nilijua ni nani. Amekuja na kopo lake kunichukua na mimi. Nilijifungia kabatini, ndani ya makoti, nikasikia mlango ukifunguliwa, nikasikia mbao zikivuka sakafu yetu, kisigino kikishuka kwa uzito, ko, zikaja moja kwa moja mpaka kabatini. Mlango wa kabati ukafunguliwa.

Alikuwa Hadija, amevaa mitalawanda myekundu. Jasho lilikuwa linamtoka. Visigino vyake viwili vilikuwa vimekaa juu ya mbao, chini kabisa, kama vya mtu yeyote. Nyuma yake mama alikuwa amekaa sakafuni katikati ya mchele uliomwagika, amejifunika uso kwa kanga.

"Mmenisikia?" Hadija aliuliza. "Semeni. Mmenisikia nikija?"

Nyumba nzima ilifurahi siku ile, na majirani wakaitwa. Mimi peke yangu sikufurahi. Kwa wiki nyingi nilimfuata chumba hadi chumba nikimkagua. Sura ilikuwa yake, matusi yalikuwa yake. Lakini nilipofumba macho na kusikiliza, nyumbani kwetu alikuwa anatembea mgeni. Mkono wake ulikuwa umeshuka, siku hizi ulining'inia. Hakutokea tena ghafla nyuma yangu. Mwishowe alinishika sikio.

"Una nini wewe? Unanikodolea kama polisi."

"Wewe ni Hadija?"

Nilitegemea acheke, au anitishe kwa uongo mwingine. Aliniachia sikio. Akavitazama viatu vyake.

"Nadhani," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo tena: "Hata mimi nikitembea nageuka kuangalia nani anakuja. Nakuta ni mimi."

Tulirudi Tanga kabla ya majani kukomaa. Hadija alivaa viatu vya mbao hadi vikaisha, akachongewa vingine na fundi, akawa mwalimu ambaye darasa lilinyamaza kwa kumsikia tu ukumbini. Mimi nilimaliza sekondari nikaanza kuzurura, na bado sijaacha. Niliwahi kurudi Stockholm, nikatafuta jengo lile. Njia za chini zilikuwa zile zile, na mabomba yalinong'ona. Chumba cheusi kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, kimejaa meza. Nilimwuliza kijana mmoja habari za filamu za zamani, akainua mabega. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi, nikifikiri kwamba mahali fulani, kwenye bati lenye kutu, dada yangu wa zamani bado anatembea kwa ncha za vidole, hachoki, na hakuna aliyemwambia kwamba tulishaondoka.

Sasa narudi kwenye benchi la kliniki. Hadija alikuwa ameanguka jikoni. Mtaalamu alinieleza kwamba miguu ya aina yake huanza kukaza upya umri unapokwenda, kwamba kano zinajivuta, kwamba kisigino cha kulia tayari hakifiki chini. Mazoezi yatasaidia, alisema, lakini mitalawanda aiache. Hadija alimsikiliza, akasema asante, tukapanda teksi. Nyumbani niliichukua mitalawanda yake mlangoni nikaiweka juu ya kabati ili nisimwone akiitazama.

Magharibi ile umeme ulikatika. Nilikuwa nimekaa sebuleni, na giza likaingia lote kwa pamoja, giza lisilo na kona. Nikangoja kusikia ko. Hakukuwa na kishindo chochote. Kisha mwishoni mwa korido kukatokea kitone kimoja cha mwanga. Kilikuwa simu tu, najua. Kilisimama, na kilipokuwa kimesimama hakikuwa mtu.

Kikasogea. Kilikaa juu, karibu na kifua, kikidundadunda.

Nilisimama. Nywele za mikono zilinisimama, na machozi yalikuwa yananitoka, na sikutaka umeme urudi.

"Dada," nilisema. "Karibu nyumbani."

Kitone kikasita. "Unaongea na nani?" sauti ya Hadija iliuliza kutoka gizani.

"Njoo tu," nilimwambia. "Usisimame."